Mikondo Miwili ya Bi Shaka

Siku mama yake Bi Shaka alipokuja kazini kwetu mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimelala chali chini ya sakafu. Si utani. Sakafu ya chumba chetu cha mitambo ni ya vigae vya kunyanyua, na chini yake hupita nyaya na mabomba ya maji baridi. Siku hiyo bomba moja lilikuwa linavuja. Kazi yangu ndiyo hiyo: kuhakikisha kompyuta mia mbili na arobaini, zilizopangwa kwenye makabati meusi, hazipati homa. Zikipata joto zinajizima, na zikijizima wanasayansi wa ghorofani wanashuka ngazi mbili mbili kuja kuniuliza kama nimelala. Siku hiyo ningejibu ndiyo.

Waliotegemea mitambo hiyo kuliko wote walikuwa wawili. Wa kwanza ni Profesa, mama wa miaka sitini na nne, mkali wa macho na mpole wa sauti, aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Wa pili ni Bi Shaka, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa mkono wake wa kulia. Jina hilo tulimpa sisi. Ukimwambia mvua itanyesha, anakuuliza, "Kwa shaka kiasi gani?" Hata siku alipoposwa, wanasema mchumba aliulizwa hivyo hivyo, naye maskini akajibu, "Asilimia mbili tu," na ndoa ikafungwa.

Nilikuwa nimefanya kazi nao miaka sita bila kuelewa vyungu vyangu vinapika nini. Nilijua tu kwamba Ijumaa ya wiki hiyo kulikuwa na mkutano mkubwa. Baraza lote la taasisi lingekuja, pamoja na wageni, na Profesa angetangaza kitu kilichomchukua miaka minne. Watu walisema kwa minong'ono kwamba kitatikisa vitabu.

Basi Jumanne, nikiwa chini huko, nikasikia viatu viwili vya kike juu ya kichwa changu, na sauti ngeni ikisema, "Hiki ndicho kitu kinachonifanya nisipigiwe simu?"

Nikatoa kichwa. Alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Bi Shaka akanitambulishia, "Mama yangu. Mwalimu mstaafu wa hesabu, shule ya msingi. Miaka thelathini na moja darasani."

"Na miwili," mama akasahihisha. "Shikamoo huniamkii, fundi?"

Nikamwamkia nikiwa bado nusu kaburini, akacheka, akaniambia nitoke nipumzike. Tukapanda sote ofisini kwa Bi Shaka, maana nami nilihitaji sahihi yake kwenye fomu ya lile bomba.

Ofisi yake ilikuwa ndogo: meza moja, viti viwili, dirisha kubwa linalotazama jua la asubuhi. Ukutani, kwa gundi ya karatasi, alikuwa amebandika grafu mbili ndefu, moja chini ya nyingine, kila moja kama mita mbili, mistari ikipanda na kushuka kama meno ya msumeno mbovu.

"Haya," mama akasema, akikaa. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la sita. Nikishindwa kuelewa, kosa ni la mwalimu."

Bi Shaka akashusha pumzi, akaanza. Ndani ya kiini cha kila atomu, alisema, kuna chembe iitwayo protoni, na ndani ya protoni kuna vijichembe vitatu viitwavyo kwaki. Vinafungwa pamoja na nguvu iliyo kali kuliko zote zinazojulikana. Vikijaribu kuachana, nguvu hiyo hailegei. Kadiri vinavyotengana ndivyo inavyovivuta.

"Kama ndoa ya shangazi yako," mama akasema.

"Kama ndoa ya shangazi. Sasa, Mama, ukipima uzito wa hizo kwaki tatu, ukajumlisha, unapata kama gramu moja kwa kila gramu mia za protoni."

Mama akangoja. Bi Shaka naye akangoja.

"Na tisini na tisa ziko wapi?"

"Ndiyo hiyo nguvu yenyewe. Purukushani iliyomo humo ndani, mbio na mvutano. Nishati ndiyo inayogeuka uzito."

Mama akavaa miwani. "Subiri. Nikienda dukani nikapimiwa vitu vitatu, mzani ukasema gramu moja, vikatiwa mfukoni, mzani ukasema mia, mimi naita polisi."

"Lakini ndivyo ilivyo."

"Huu mkono wangu?"

"Karibu wote ni purukushani, Mama."

Nakiri kwamba mimi pia niliutazama mkono wangu. Miaka sita nilikuwa nawapoza wapishi wa habari hiyo na hakuna aliyeniambia. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa ukubwani kwamba nyumba aliyozaliwa haina matofali.

Bi Shaka alipoona tumeduwaa akapata moto. Akaeleza kwamba kalamu na karatasi zinashindwa kuipigia hesabu nguvu hiyo, kwa sababu haikamati kwaki tu, inajikamata na yenyewe. Kwa hiyo wanachukua kijipande cha nafasi, wanakikata vyumba vyumba kama karatasi ya daftari la hesabu, ila vyumba vinakwenda pande zote, na wakati nao wanaukata vivyo hivyo. Kwenye kona za vyumba wanaweka kwaki, na kwenye mistari wanaweka ile nguvu. Kisha kompyuta inarusha kete, inaitikisa nguvu kidogo, inahifadhi picha. Inarusha tena, inatikisa, inahifadhi. Maelfu ya picha. Picha moja haina maana, wastani wa zote ndio unaosema ukweli. Na kadiri picha zinavyokuwa nyingi, ndivyo shaka inavyopungua.

"Kete ndani ya kompyuta?" mama akauliza.

"Za kuigiza. Unaipa namba ya kuanzia, tunaiita mbegu, nayo inazaa namba nyingine zisizotabirika. Mbegu tofauti, kete tofauti."

"Na hizi?" Mama akaelekeza kidole ukutani.

"Hiyo ndiyo kazi ya miaka minne. Tumeendesha mikondo miwili ya picha, kila mmoja na kete zake, ili mmoja umthibitishe mwenzake. Kila nukta hapo ni picha moja. Tumepata upana wa protoni, na haulingani na ule uliopimwa maabara. Pengo ni mara nne ya shaka yetu. Mara nne, Mama! Likizidi mara tatu watu wanakaa vitini wima. Ina maana huenda kuna kitu katika maumbile ambacho hakuna anayekijua. Ijumaa Profesa anatangaza."

Mama akasimama, akaisogelea ile karatasi ya juu. Akaitazama polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mikono nyuma, kama anayepita katikati ya madawati. Kisha ya chini. Kisha akarudi ya juu.

"Mwanangu," akasema, "hawa wawili wameibiana."

Bi Shaka akacheka. "Haiwezekani. Ni mikondo miwili tofauti."

"Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na miwili. Watoto wawili wakipata sawasawa, nawapongeza. Wakikosea sawasawa, nawaita ofisini." Akaweka kidole kwenye grafu ya juu. "Hapa kuna shimo, kilima, vilima viwili pacha, kisha shimo refu. Njoo huku chini. Shimo, kilima, pacha, shimo refu. Huyu wa pili kaanza kuiga ukurasa wa pili tu, ndiyo maana hamkuona."

"Mama, ukitazama mawingu muda mrefu utaona hata ng'ombe."

"Basi bandua."

Nikabandua mimi, maana Bi Shaka alikuwa hajanyanyuka. Nikaishika karatasi ya kwanza kwenye kioo cha dirisha, jua likaipenya. Mama akaiweka ya pili juu yake na kuanza kuisogeza kushoto kwenda kulia, taratibu. Mistari ilikuwa ikikatana ovyo, imevurugika kama nywele za kuamkia. Akasogeza. Akasogeza tena kidogo.

Mistari miwili ikawa mmoja.

Sijui nieleze vipi. Si kwamba ilikaribiana. Ule wa pili ulitoweka. Kila jino, kila shimo, mwanzo hadi mwisho, lilikaa juu ya mwenzake kama kivuli cha saa sita. Bi Shaka alikuja hadi dirishani, akaweka pua karibu na kioo, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akakaa sakafuni. Kiti kilikuwa pale pale, lakini alikaa sakafuni.

"Nimesema vibaya?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

Kwenye grafu ya juu palisalia nje nukta mia mbili mwanzoni, basi.

Kilichofuata hakinifurahishi kusimulia. Bi Shaka alinyanyua uso, akanitazama mimi. "Fundi. Ulinakili mafaili? Ulipohamisha picha mwaka juzi, ulinakili mkondo mmoja mara mbili?"

Damu ilinipanda. "Mimi nanyanyua vigae, dada. Mafaili yenu nayajulia wapi?"

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Angalia kwanza," mama akaingilia kati. "Usimwite mtu mwizi kabla hujafungua dawati lako."

Bi Shaka akafungua kompyuta yake. Vidole vilikuwa vikikosea herufi. Akatafuta faili la kuanzishia mkondo wa kwanza: mbegu 71306. Akatafuta la mkondo wa pili. Nilikuwa nyuma yake, nikaona kabla hajasoma kwa sauti. Mbegu 71306. Chini yake, jina la aliyeandika: lake yeye.

Tarehe ilikuwa ile siku pampu ya maji baridi ilipokufa na mitambo yote ikazimika. Naikumbuka vizuri, maana pampu ile ilikuwa dhamana yangu, na niliichelewesha kuibadilisha. Siku hiyo kila mtu alikuwa anakimbia kuwasha upya. Bi Shaka alichukua faili la mkondo wa kwanza akalinakili, akabadilisha jina, akabadilisha kabrasha la kuhifadhia, akabadilisha kila kilichotakiwa kubadilishwa isipokuwa namba moja. Mitambo ya aina moja, mwanzo mmoja, mbegu moja: ikafanya kitu kile kile hadi tarakimu ya mwisho. Picha za mwanzo huwa zinatupwa kwa sababu hesabu haijatulia. Mkondo wa kwanza walitupa mia tatu. Wa pili Profesa alitaka tahadhari zaidi, wakatupa mia tano. Zile mia mbili ndizo zilizowafunga macho.

"Nisamehe, kaka," aliniambia bila kugeuka.

"Yameisha," nikasema. Hayakuwa yameisha, lakini ungemwona ungesema hivyo hivyo.

Akapiga hesabu papo hapo kwenye kipande cha karatasi. Picha zake zilikuwa nusu ya alizodhani anazo. Shaka ikakua karibu mara moja na nusu. Pengo la mara nne likashuka likawa mbili nukta nane. Chini ya tatu.

Tulikwenda kwa Profesa wawili, mimi na yeye. Mama alibaki nje kwenye benchi, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama aliyeletwa kwa mwalimu mkuu.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akazishika zile karatasi mbili, akaziinua kwenye taa, akazisogeza mwenyewe. Nilimwona akifika pale mistari inapokuwa mmoja. Rangi ilimtoka usoni, midomo ikawa kama ya mtu aliyekula majivu.

"Kundi la watafiti wa ng'ambo limethibitisha," akasema. "Waliniandikia mwezi uliopita. Wamepata pengo lile lile."

"Kwa picha zipi, Profesa?" Bi Shaka akauliza.

Profesa akafumba macho. Zilikuwa picha zetu, ambazo yeye mwenyewe aliwatumia.

Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea, wala Bi Shaka hakulitegemea. "Ijumaa ipite kwanza."

"Ipite?"

"Wageni wako njiani. Baraza lote linakuja. Mimi nimebakiza mwezi. Tutangaze tulichonacho, kisha tutasahihisha kwa utaratibu. Masahihisho hutolewa kila siku."

"Profesa, ni wewe uliyenifundisha kwamba..."

"Nilikufundisha pia kutokurupuka. Nendeni."

Bi Shaka alitoka ameshika ukuta. Lile la asubuhi lilimkalisha sakafuni, lakini hili lilimmaliza. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akimtaja yule mama kwa kila mtu kama kipimo cha uadilifu. Kwenye benchi alimlalia mama yake begani, mtu mzima mwenye watoto wawili, akalia. Mama akampapasa mgongo tu. "Aliyeshtuka anasema lolote," akamwambia. "Mpe siku. Na wewe jua utakachofanya siku hizo zikiisha."

Jumatano Profesa hakuonekana. Alhamisi hakupokea simu. Bi Shaka aliandika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kosa zima kwa jina lake, akaitia kwenye mkoba. Aliniambia kwamba Profesa akitangaza pengo, yeye atasimama hapo hapo na kuisoma.

Ijumaa asubuhi ukumbi ulijaa. Mimi niliwekwa nyuma kuangalia projekta isipate joto, na mama alikaa kando yangu. Alikuwa amealikwa tangu zamani aje kumpigia bintiye makofi. Bi Shaka alikuwa mstari wa mbele. Mkoba wenye barua ulikuwa mapajani. Profesa akapanda jukwaani kwa gauni la bluu, bila karatasi mkononi. Aliamkia watu, akashukuru baraza, akabonyeza kitufe.

Grafu mbili zikatokea, moja nyekundu, moja bluu. Akabonyeza tena. Ile bluu ikaanza kutambaa, ikasogea, ikasogea, ikaingia ndani ya nyekundu ikamezwa.

Ukumbi ulitoa sauti moja, kama watu mia waliokanyaga kitu kimoja kwa pamoja.

"Mnachokiona," Profesa akasema, "ni kosa letu."

Mjumbe mmoja wa baraza, mzee aliyevaa tai, akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Huu ni mfano, au ni kweli?"

"Ni kweli. Mikondo yetu miwili ni mmoja. Nilikuja kuwatangazia pengo, na pengo hilo leo sina haki ya kulitangaza. Kundi lililotuthibitishia lilitumia picha zetu. Nimewaandikia tayari."

"Nani amegundua?"

"Mwalimu wa shule ya msingi. Amekaa pale nyuma."

Vichwa vyote viligeuka. Mama alinishika mkono. "Nifiche," akanong'ona. Ningemficha wapi mimi, na projekta yenyewe ndogo?

Bi Shaka akasimama. Barua ilikuwa mkononi, lakini hakuisoma. "Faili lile nililiandika mimi," akasema. "Si Profesa."

"Kaa, mwanangu," Profesa akamwambia. "Zamu yako haijafika. Sahihi ya mwisho ni yangu." Wengine wakacheka, kicheko cha watu wasiojua waweke wapi mikono. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria pampu yangu, na kwamba hakuna atakayeniuliza. Baadaye nikaenda nikamwambia yule mzee wa tai mwenyewe, bila kuulizwa. Alinitazama kama mwendawazimu.

Jioni ile Profesa alituita mimi na Bi Shaka ofisini. Alionekana amezeeka miaka mitano kwa siku tatu. Alisema siku mbili alijifungia nyumbani akilinganisha picha moja moja, zote elfu moja na mia nne, tarakimu kwa tarakimu. "Niliomba itofautiane moja," akasema. "Moja tu. Ningepata hata moja, ningeng'ang'ania." Akamgeukia Bi Shaka. "Jumanne nilikuambia neno. Usinisamehe haraka. Lakini nisamehe."

Bi Shaka alivuta kiti, akakaa karibu naye.

Profesa alistaafu mwezi uliofuata, bila kutikisa kitabu chochote. Hotuba zilikuwa fupi. Gazeti moja liliandika kwamba taasisi yetu "imejikwaa", na kwa wiki kadhaa kila aliyepita kwenye korido alikuwa anapunguza sauti akifika mlangoni kwa Bi Shaka. Yeye aliendelea. Alianzisha mikondo mitatu mipya, mbegu tatu tofauti, kila mbegu ikisomwa kwa sauti na watu wawili, na mmoja wao ni mimi. Kwa miezi kumi na moja mitambo ilichemka mchana kutwa na usiku kucha, na pampu niliibadilisha kabla haijakohoa. Namba ya mwisho walikubaliana isifunguliwe na mtu hadi picha ya mwisho ihifadhiwe.

Siku ya kuifungua, Profesa alikuja kwa miguu, mkongojo mpya mkononi. Mama tulimwalika, akakataa. Alisema akija mara ya pili watamwita mchawi. Tulikuwa watatu mbele ya kioo kimoja cha kompyuta. Bi Shaka akabonyeza.

Pengo lilikuwa chini kidogo ya shaka moja. Kwa lugha ya kawaida, hapakuwa na pengo. Upana walioukokotoa na upana uliopimwa maabara ulikuwa kitu kimoja. Maumbile yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zote.

Bi Shaka alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Profesa aliisoma namba mara mbili, akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, nikamsogezea.

"Ningesimama pale," akasema polepole, "nikawaambia watu dunia ina ufa."

Akaisoma namba mara ya tatu.

"Na wangeniamini."

Mikono yake ilikuwa imeshika mkongojo. Bi Shaka alipiga magoti mbele yake, akaishika yote miwili, na walikaa hivyo hadi kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe.